Kiganja cha Earline

Jumamosi mlango wangu haufungwi. Watu wa upande wetu wa magharibi, hapa Detroit, wanajua: ukisikia harufu ya mafuta ya moto inatoka jikoni kwa Rowena, kambare wameshaingia kikaangoni na meza ya karata imeshatandikwa. Unakuja na kinywaji chako na mdomo wako. Wanasema wanakuja kula, lakini wanachokuja kutafuta ni kujua nani kaachana na nani, na kwa hilo sijawahi kumrudisha mtu mikono mitupu.

Tangu Earline afe, bado wanakuja. Nakaanga, wanakula, nawasikia wakiongea. Ni kama nimelala kwenye beseni la kuogea, masikio yamo ndani ya maji. Dorthea, asiyekosa Jumamosi hata moja, alinisimulia habari ya mke wa mwalimu wa kwaya na fundi bomba, habari yenye nyama na mifupa yake yote, nami nilipofika kwenye vyombo nikagundua sikuuliza swali hata moja. Mimi. Dorthea alinifuata jikoni akanigusa paji la uso kama mtoto mwenye homa.

Earline Mabry alikuwa mwenzangu wa karata tangu tukiwa wasichana. Kiti chake sasa anakikalia Shemasi Lucius, anayeshika kamera na vyombo vya sauti kanisani kwetu. Mtu mwema, ana roho safi, na hajui karata. Simlaumu. Kiti kilikuwa wazi, yeye akawa amesimama karibu.

Siku ninayoisimulia ilikuwa mwishoni mwa Machi, theluji imebaki vichuguu vyeusi kando ya barabara. Tulikuwa wanne mezani: mimi na Shemasi, tukicheza dhidi ya Dorthea na Cleophus, mstaafu wa kiwanda cha magari ambaye magoti yake yanatabiri mvua na mdomo wake hautabiriki. Dirishani, kwenye kimeza changu cha cherehani, alikaa Kendrea, binti wa Earline, na kompyuta yake. Tangu mazishi alikuwa analala chumba changu cha nyuma. Asubuhi anavaa sare, anaendesha gari la kupeleka vifurushi, jioni anarudi, anasema "shikamoo Anti", analala. Sahani ya samaki niliyomwekea ilikuwa pembeni, mkate mweupe chini yake umelowa pilipili, hajaugusa.

"Shemasi," Cleophus akasema, "hiyo turufu umemkatia nani?"

"Nimeona malkia, mzungu wa tatu..."

"Ni wa Rowena. Ni wa mwenzako. Ulichomkata ni mkono wako mwenyewe. Ukiendelea hivi huyu mama atahamia kwa Wamethodisti."

"Acha kumtania mtumishi wa Mungu," Dorthea akasema huku anazoa karata mezani. "Mimi namwombea azidi kubarikiwa hivyo hivyo."

Zamani ningemjibu Dorthea mpaka akajuta. Nikapanga karata zangu tu.

Kule dirishani Kendrea alikuwa akiandikisha filamu yake kwenye tamasha, lile la filamu za watengenezaji weusi linalofanyika katikati ya mji kila kiangazi. Mwisho wa kupokea ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni. Sote pale mezani tulijua, ndiyo maana hakuna aliyemsogelea. Hicho ndicho kitu pekee alichomwahidi mama yake.

Filamu inamhusu mama yake. Earline alikuwa mkuu wa wahudumu wa mlangoni, wale wanaovaa nyeupe tupu na glavu nyeupe, wanaokupokea, wanaokupeleka kwenye kiti, wanaokupepea ukizidiwa na Roho. Wahudumu hawasemi wakati wa ibada. Wanasema kwa mikono. Kiganja kikiwekwa kifuani, maana yake zuia mlango, watu wanasali. Kiganja kikiinuka na kufunguka, walete. Vidole vinavyoonekana kwenye mshono wa sketi ni idadi ya viti vilivyobaki. Mkono wa kushoto unakaa nyuma ya mgongo muda wote. Na kidole kimoja hakinyooshwi, iwe nini. "Kidole kimoja ni cha polisi," Earline alikuwa akiwafundisha wapya. "Sisi tunafungua kiganja."

Kendrea alimfuata na kamera Jumapili baada ya Jumapili, akipiga picha ile mikono. Earline alijifanya kukasirika, huku akinunua glavu mpya kila mwezi. Filamu ilipokaribia kwisha akaenda kununua suti ya zambarau iliyofifia, sketi na koti, na kofia yake, na viatu vya rangi ile ile. Alinionyesha pale pale ninapokaangia samaki.

"Ya Pasaka?" nikamuuliza.

"Pasaka nitakuwa mlangoni na nyeupe zangu kama kawaida. Hii ni ya tamasha la mwanangu. Rowena, umri wote huu nimewakalisha watu. Nimewakalisha walevi, nimewakalisha mameya, nimemkalisha mke wa mtu na hawara wa mtu safu mbili tofauti na wasijuane. Siku ile nataka nikalishwe mimi. Nataka mtu anitembeze mpaka mbele kabisa, polepole, kila mtu aone viatu."

Februari moyo wake ukasimama akiwa amelala. Filamu ilikuwa imekwisha, bado kupelekwa tu.

Kendrea alikuwa anajisomea maswali ya tamasha kwa sauti, kama anavyosoma anwani za vifurushi. Jina la filamu. Muda. Mji. Akaendelea kuandika. Halafu akasema, "Je, filamu hii imewahi kuonyeshwa hadharani mahali popote, au kuwekwa mtandaoni? Hapana."

Karata ya Cleophus ikabaki hewani. Shemasi Lucius akaziangalia za kwake kana kwamba kuna jibu ndani yake. Dorthea, ambaye alizaliwa anaongea, akachukua glasi yake akanywa maji yote.

"Usibonyeze kwanza," nikasema.

"Kwa nini, Anti?"

"Ilionyeshwa, mwanangu."

"Wapi?"

"Kanisani. Siku ya mazishi."

"Mazishi ya nani?"

Nikageuza kiti changu kumkabili.

"Ya mama yako, Kendrea."

Akafikiri. "Mimi nilikuwepo?"

"Ulikaa safu ya kwanza. Nilikushika mkono muda wote."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi limebadili njia. "Sikumbuki," akasema. "Nakumbuka ndani ya gari kulikuwa na joto sana."

Shemasi akaweka karata zake mezani, uso juu, mkono mzima, jambo ambalo katika nyumba hii halijawahi kutokea. "Ni mimi," akasema. "Uliniletea ile fleshi ya picha za mama, za kupitisha kwenye skrini wakati kwaya inaimba. Nikaona faili moja kubwa, limeandikwa jina lake. Nikajua ndizo picha. Nikalifungua, kumbe ni sinema. Nikataka kuzima, lakini Earline alikuwa ameshatokea pale juu anavaa glavu. Nikamwangalia mchungaji. Mchungaji akakaa chini. Sasa mchungaji amekaa, mimi ni nani nizime?"

"Yote?"

"Yote. Mpaka majina ya mwisho."

Kendrea akageukia kompyuta. "Wanasema filamu fupi iliyokwisha kuonyeshwa haipokelewi. Wanataka mpya."

"Ni mpya," Cleophus akasema. "Mazishi si hadharani. Mazishi ni mambo ya ndani ya familia."

"Familia gani?" Dorthea akamrukia. "Watu walijaa mpaka wakasimama kwenye ngazi. Nusu yao siwajui. Nilimwona yule mama mwenye koti la manyoya anayehudhuria kila msiba kwa ajili ya kuku. Sasa ule kama si umma, umma ni nini?"

"Yule mama wa kuku anatusaidia. Hakutazama hata kidogo. Alikuwa chini ukumbini anasubiri."

"Na kuna jingine," Shemasi akasema kwa sauti ya chini. "Ilirushwa."

Hilo tulilisahau wote, na tusingepaswa kulisahau. Tangu ile miaka ya maradhi, makanisa yalipofungwa, kanisa letu linarusha kila kitu moja kwa moja kwenye ukurasa wake, kwa ajili ya wagonjwa na wasioweza kutoka nyumbani. Ibada, ndoa, ubatizo, mikutano ya bajeti ambayo hata wagonjwa hawaitaki. Mazishi ya Earline yalirushwa, na yako pale mpaka leo, na sinema yote iko katikati yake, na chini yake kuna salamu za rambirambi kutoka kwa binamu zake wa Alabama na watu walio mbali mpaka Oakland.

"Lakini naweza kufuta," Shemasi akasema. Alikuwa ameshatoa simu. "Sasa hivi, hapa hapa. Wazee wanaoitaka nitawapelekea kwenye fleshi. Hakuna wa tamasha atakayejua."

"Futa," Cleophus akasema.

"Mimi sitasema kwa mtu," Dorthea akasema, na sisi wote tukamtazama. "Nimesema sitasema. Nina uwezo huo."

"Futa, Shemasi," nami nikasema. Nilitaka ile filamu iingie. Nilitaka Earline apate siku yake, hata kama sikujua tena ataionaje. Kama ni uongo, ulikuwa uongo wa neno moja kwenye kisanduku kimoja, na mimi nimesema mikubwa zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

"Subiri," Kendrea akasema. "Nataka kuiona kwanza."

"Filamu umeitengeneza mwenyewe, mwanangu."

"Si filamu, Anti. Mazishi."

Tukamzunguka pale dirishani. Shemasi akamtafutia ule ukurasa, akasogeza mpaka mahali penyewe. Kamera ya kanisa iko juu, nyuma kabisa, kwa hiyo unaona migongo ya watu wote, kofia kama shamba la maboga. Mbele kabisa jeneza liko wazi nusu. Juu yake skrini. Kwenye skrini Earline anavaa glavu, kidole kimoja kimoja, anavuta.

Kendrea alitazama bila kupepesa. Alijinyooshea kidole. "Huyu ni mimi?"

"Ndiyo."

Mgongo ulionyooka, kofia nyeusi, na mhudumu mmoja anampepea kwa upepeo wa karatasi ingawa ilikuwa Februari.

"Sikulia."

"Hukulia."

Halafu tukafika mahali pale. Mimi nilikuwepo na nilikuwa nimepasahau. Kwenye sinema, ibada inaendelea, Earline amesimama na kiganja kifuani, amezuia mlango. Na pale kanisani, siku ile ya kweli, wahudumu wake walikuwa wamesimama kwenye kuta, nyeupe tupu, na waliochelewa wamebanana mlangoni wakingoja. Kwenye skrini Earline akainua kiganja, akakifungua. Walete. Na wale wahudumu, wote, kila mmoja mahali pake, bila kutazamana, wakafungua milango wakawaingiza watu. Waliwapeleka, wakawakalisha, mikono ya kushoto migongoni. Earline kwenye skrini akaangalia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kwa sababu siku ile aliyopigwa picha kuna watu wengine aliokuwa anawaangalia.

Jikoni mafuta yalikuwa yanachemka na nikayaacha.

Kendrea akasimamisha picha. Akasogeza uso karibu na jeneza lililoonekana dogo kwenye kioo cha kompyuta.

"Kavaa nini?"

"Suti yake," nikasema.

"Ile ya zambarau? Ya tamasha?"

"Uliipeleka wewe mwenyewe kwa watu wa mazishi. Na kofia."

"Sikumbuki." Akaendelea kuitazama ile picha. "Nani alimpeleka mbele?"

"Vipi?"

"Jeneza. Nani alilisukuma kutoka mlangoni?"

"Wahudumu wake," Cleophus akajibu. "Wale vijana wa mazishi waliambiwa wasogee pembeni. Wanawake wakalishika wenyewe."

"Polepole?"

"Polepole mno. Nilikuwa nimesimama kwa goti moja tu zima, nikadhani tutafika Pasaka."

"Na viatu?"

Dorthea akanitazama. "Viatu hatukuviona, mama," akasema taratibu. "Upande wa chini ulikuwa umefungwa."

"Lakini alikuwa navyo?"

"Nilimvisha mimi," nikasema. "Kimoja kilikuwa kinambana kidogo. Nikakilegeza."

Akaitikia kwa kichwa. Akaurudia ukurasa wa tamasha, akaondoa lile jibu la kwanza. Akaandika ndiyo. Chini yake walitaka maelezo: wapi, lini. Nikasoma juu ya bega lake, maana nina tabia hiyo na hakunizuia. Aliandika: *Ilionyeshwa mara moja, kanisani kwetu, kwenye mazishi ya mhusika mkuu. Alikuwepo, amevaa nguo alizonunua kwa ajili ya kuitazama.*

"Watakukatalia," nikamwambia.

"Najua, Anti."

"Kendrea, nifute au nisifute?" Shemasi akauliza. Simu ilikuwa bado mkononi mwake.

"Usifute, Shemasi."

Kendrea akabonyeza kutuma. Ilikuwa bado mchana kweupe, muda umebaki tele. Kompyuta ikasema asante, imepokelewa. Akaifunga, akavuta ile sahani.

"Amepoa huyo," nikasema. "Ngoja nikukaangie mwingine."

"Nitamla hivi hivi."

Akala. Tukarudi mezani, na kwa kuwa Shemasi alishafunua karata zake zote, Cleophus akadai ushindi, Dorthea akamuunga mkono, na ugomvi ukaendelea mpaka jioni. Nilishiriki kidogo.

Jibu lilikuja Mei. Alikuwa ameegesha gari la vifurushi mbele ya nyumba, amekuja kula mchana, simu ikalia akiwa mlangoni. Mwanamke wa tamasha, sauti ya adabu. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alisema wameipenda. Akasema sheria ni ya wote, wakimlegezea mmoja itabidi wawalegezee mia, kwa hiyo haitaingia, na mwaka ujao alete nyingine. Kendrea akasema sawa. Yule mwanamke akauliza kama angeweza kuuliza jambo: pale alipoandika kwamba mhusika mkuu alikuwepo, alimaanisha nini.

"Alikuwepo," Kendrea akasema. "Walimtembeza mpaka mbele."

Akaaga, akala wali na maharage, akarudi kazini. Mimi nikakaa na simu yangu, sina wa kumpigia. Habari kama ile zamani ningeianza kwa Earline.

Kiangazi tukaenda kwenye tamasha, mimi na Kendrea. Hatukuwa na filamu, tulikuwa na tiketi kama watu wengine. Nilivaa viatu vipya. Ukumbi ulijaa, vichwa vya kila namna, vilemba, marastafari, akina mama wa kofia kubwa waliokaa mbele ya watu wafupi kwa makusudi. Mlangoni alisimama mwanamke mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni, wa kujitolea. Akaziangalia tiketi zetu, akanyoosha kidole kimoja gizani.

"Kule."

Kendrea akasimama. Nikadhani ameghairi, anataka kurudi nyumbani.

"Samahani, dada," akamwambia, bila ukali. "Kiganja. Sisi tunafungua kiganja."

Yule mwanamke akakitazama kidole chake. Kendrea hakumngoja. Mkono wake wa kushoto ukaenda nyuma ya mgongo, sidhani kama alijua. Wa kulia ukainuka, ukafunguka. Akatangulia, nami nikamfuata, katikati ya ukumbi, polepole, polepole kuliko inavyofaa mtu mwenye kiu ya soda. Watu wakageuka. Kuna mmoja aliyetazama viatu vyangu na kumnong'oneza mwenzake, na sikujua ni vizuri au vibaya. Akanifikisha safu ya pili, akangoja mpaka nimekaa, ndipo naye akakaa.

Taa zikazimwa. Filamu za wenzake zikaanza. Nyingine nzuri, nyingine ndefu. Katika ile iliyokuwa ndefu zaidi aliniinamia sikioni.

"Anti. Yule mke wa mwalimu wa kwaya na fundi bomba. Iliishaje?"

"Wewe ulisikia wapi?"

"Si nilikuwa chumba cha nyuma. Kuta zako ni karatasi."

Nikatafuta kichwani na sikupata kitu. Nikamwambia sijui, sikumuuliza Dorthea, itabidi nimuulize.

"Muulize," akasema, akarudi kutazama.

Jumamosi Dorthea alipoingia tu, hata kabla hajavua koti la mvua, nikamuuliza.